Maji ya kifuani: yaulize kabla ya kuyamwaga

"Daktari, wametuambia mama ana maji kwenye mapafu." Kauli hii naisikia karibu kila wiki, na kila mara nauliza swali lile lile: ndani ya pafu au nje yake? Ndugu hutazamana. Si kosa lao, maana hata sisi tunaovaa makoti meupe tunaitumia kauli hiyo hiyo kwa mambo mawili yasiyofanana.

Maji ya ndani yamejaa kwenye vifuko vidogo vya hewa. Mgonjwa anazama akiwa kitandani: anahema kwa sauti ya majimaji, anatoa povu, wakati mwingine lenye rangi ya waridi. Huyo hachomwi sindano kifuani. Anakalishwa wima, anapewa oksijeni na dawa ya kukojoza, na moyo wake unatazamwa haraka. Maji ya nje yamekaa kati ya tando mbili. Mmoja umelivaa pafu kama ule utando mwembamba chini ya ganda la yai, mwingine umetandazwa upande wa ndani wa mbavu. Haya ya nje ndiyo ninayoyaandikia hapa. Nawaandikia hasa matabibu na wauguzi wa hospitali ndogo, kule ambako altrasaundi leo ipo, kesho imekwenda matengenezo. Ndugu wa mgonjwa anayetaka kujua kwa nini tunauliza maswali mengi naye asogeze kiti.

Mtu mzima mwenye afya ana kama mililita 10 hadi 20 tu za maji hayo, vijiko vichache vya chai, za kulainisha ili pafu liteleze bila kukwaruza. Hayatuami: yanaingia kutoka kwenye mishipa ya damu na yanaondolewa na mishipa ya limfu, ambayo ina uwezo wa kubeba mara nyingi zaidi ya yanayoingia. Kwa hiyo ukikuta lita moja imelala pale, ama mlango wa kuingilia umefunguka kupita kiasi, ama wa kutokea umeziba, au yote mawili. Presha ndani ya mishipa imepanda kwa sababu moyo umechoka. Protini ya damu imeshuka kwa sababu figo zinaivujisha au ini haliitengenezi. Utando wenyewe umevimba na kuvuja kwa TB, nimonia au saratani. Njia ya limfu imezibwa na uvimbe. Maji ya tumboni yamepenya kwenye vitundu vya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ugonjwa uko hapo. Maji ni alama yake.

Niseme kosa langu mapema. Mwaka wangu wa pili kazini nilimtoa maji baba mmoja wa makamo aliyekuja hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Lita moja na kidogo, ya manjano, safi. Alipumua, akacheka, mkewe akanishika mkono. Muuguzi akaniuliza, "Niyamwage, daktari?" Nikasema, "Mwaga, dada." Baada ya wiki tatu alirudi. Safari hii maji yalikuwa yamejigawa vyumba vyumba, sindano ikitoa mililita 20 hapa na 30 pale. Ilikuwa TB, na kitu ambacho kingeweza kutusaidia kuishuku tangu siku ya kwanza nilikuwa nimekiagizia choo.

Kwanza, hakikisha ni maji

Gonga kifua. Tandaza kidole cha kati kwenye nafasi kati ya mbavu, ukigonge kwa kidole cha mkono mwingine, ukishuka kutoka juu kwenda chini mgongoni, kulia na kushoto kwa zamu. Kila mwenye simtanki nyumbani anaijua kazi hii: juu panalia wazi, ukifika kwenye maji sauti inakufa. Aliyeileta hospitalini, Leopold Auenbrugger, alikuwa daktari, mtoto wa mwenye nyumba ya wageni mjini Graz, Austria, na inasimuliwa kwamba aliianzia kwenye mapipa ya divai ya baba yake. Aliitangaza 1761. Haihitaji umeme wala bando.

Lakini sehemu iliyokufa sauti haiwi maji kila mara. Nimonia iliyolifanya pafu kuwa gumu nayo hufanya hivyo. Weka viganja mgongoni umwambie mgonjwa ahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti nzito. Palipo na maji mtetemo unafifia na sauti ya pumzi inatoweka. Palipo na pafu gumu mtetemo unaongezeka na pumzi inasikika kwa ukali, kama inapita kwenye bomba.

Kisha eksirei, mgonjwa akiwa amesimama au ameketi. Kwenye picha ya mbele inahitajika kama mililita 200 ndipo kona kali ya chini ya pafu ifutike. Picha ya ubavuni inaweza kuonyesha kama 50. Mgonjwa aliyepigwa picha akiwa amelala anadanganya watu wengi, kwa kuwa maji yanatandaa nyuma ya pafu lote na picha inaonyesha ukungu tu. Ukiona ukungu wa upande mmoja kwa aliyelala, usiandike "nimonia" kabla hujamgonga mgongo.

Kuna mtego mwingine ambao umewaumiza watu: upande mzima wa kifua ni mweupe. Tazama koo la hewa kabla ya kushika sindano. Likiwa limesukumwa kwenda upande mzuri, kuna kitu kinalisukuma, na maji mengi yanaelekea kuwa jibu. Likiwa limevutwa kwenda upande mbaya, pafu limesinyaa, pengine njia yake imezibwa na uvimbe au punje ya karanga kwa mtoto, na ukichoma utakutana na pafu au moyo mahali usipoutarajia. Likiwa katikati ilhali upande mzima ni mweupe, yote mawili yanaweza kuwa yanatokea pamoja. Hapo ngoja altrasaundi, hata kama ni ya kusafiria.

"Miguu imevimba, na akilala anakabwa"

Maji pande zote mbili, au kulia kukiwa na mengi zaidi, mishipa ya shingo imetuna, miguu ukiibonyeza inabaki na shimo, analalia mito mitatu. Huyu ni wa moyo mpaka uthibitishe vinginevyo. Usimsahau mama aliyejifungua miezi michache iliyopita. Moyo kulegea baada ya uzazi hufichwa na maneno kama "ni uchovu wa kunyonyesha".

Hapa sindano mara nyingi haina kazi. Mpe furosemaidi, dawa ya kukojoza, mpunguzie chumvi, mpime uzito kila asubuhi kwa mizani ile ile. Kwa wengi maji hupungua wazi ndani ya siku 2 au 3. Yasipopungua, au kama kuna homa, kichomi, au maji yako upande mmoja tu, basi hadithi ya moyo haitoshi, chukua sampuli.

Uso unaovimba asubuhi pamoja na mkojo wenye povu unakupeleka kwenye figo: chovya kijiti cha kupimia protini kwenye mkojo, kazi ya dakika moja. Tumbo lililojaa na macho ya manjano yanakupeleka kwenye ini, na maji hayo hupenda upande wa kulia. Kwa mgonjwa wa ini usiweke bomba la kudumu kifuani kwa sababu tu maji yanarudi. Maji ya tumbo yatapita humo bila kikomo, yakiondoka na protini na chumvi za mwili, na figo zitafuata. Tiba yake ni spironolaktoni, nayo ni dawa ya kukojoza, chumvi kidogo, na kupunguza yale ya tumboni.

"Alikuwa na nimonia, amemaliza dawa, homa haishuki"

Nimonia nyingi huleta maji kidogo pembeni yake, na mengi hukauka kwa antibiotiki. Shida inaanza yakiingiwa na bakteria. Mgonjwa bado ana homa siku ya tatu ya dawa nzuri, anasikia kichomi akivuta pumzi, na ukigonga mgongo maji yameongezeka. Usibadilishe dawa mara ya pili na ya tatu ukiwa umekaa mezani. Mchome leo.

Ukivuta ukaona usaha, hakuna mjadala: bomba la kifua, antibiotiki za mshipani, na chakula, kwa kuwa usaha unakula protini ya mtu. Maji yakiwa na ukungu tu, yapime. pH, yaani kipimo cha uasidi, ikiwa chini ya 7.2 inasema weka bomba. Mashine ya pH huna? Glukosi ya maji ikiwa chini ya 60 mg/dl, yaani kama 3.3 mmol/l, inasema neno lile lile, ingawa TB, saratani na baridi yabisi navyo vinaweza kuishusha. Kila siku unayochelewa, nyuzi zinajisuka ndani, usaha unajigawa vyumba, na kazi ambayo ingefanywa na bomba inahitaji chumba cha upasuaji.

Kulia chini, mgonjwa mwenye maumivu ya ini ambaye ghafla anazidiwa pumzi, na sindano ikatoa kitu kizito cha rangi ya chokoleti kisicho na harufu kali: fikiria jipu la ini la amiba lililopasukia kifuani. Nimeliona mara mbili. Metronidazoli na bomba.

"Homa za jioni, jasho, amekonda, upande mmoja"

Hapa kwetu, kijana mwenye maji upande mmoja, mwenye wiki kadhaa za kikohozi kikavu na shuka linaloloa usiku, ana TB ya utando wa pafu mpaka ushahidi ukuambie vingine. Lakini ushahidi wenyewe unachenga, na inafaa kujua kwa nini.

Katika ugonjwa huu maji mengi yanatokana na mwili kupambana na vijidudu vichache. Kinga inapiga kelele kubwa kuliko adui aliyepo. Ndiyo maana kuyatazama kwa darubini huona kijidudu kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 10, na hata GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya kijidudu cha TB, ikisoma "hakuna" kwenye maji ya kifua haijamtoa mtu hatiani. Ikisoma "ipo", amini. Ikisoma "hakuna", endelea kutafuta.

Kutafuta vipi? Makohozi kwanza, hata kwa asiyekohoa sana. Mvuke wa maji ya chumvi unaweza kuyaleta, na baadhi ya wagonjwa hawa wana vijidudu kwenye pafu lenyewe ingawa eksirei imefichwa na maji. Kipimo cha VVU kwa kila mmoja, bila kuchagua kwa sura. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka au anaumwa sana, kipimo cha mkojo cha LAM, kinachotafuta mabaki ya kijidudu cha TB. Kwenye maji yenyewe, chembe nyeupe nyingi zikiwa limfosaiti, na kimeng'enya ADA kikizidi 40 U/l, katika nchi zenye TB nyingi kama zetu ushahidi huo ni mzito. Hospitali ya rufaa inaweza kunyofoa kipande cha utando kwa sindano maalumu; kipande hicho hutoa jibu mara nyingi kuliko maji.

Mtego wa kwanza ni siprofloksasini na levofloksasini. Duka la dawa limempa "ya kichomi", homa ikashuka wiki moja, kila mtu akapumua. Dawa za jamii hiyo zinaikandamiza TB bila kuimaliza, na vipimo vinakuwa vigumu zaidi. Uliza kila kidonge alichomeza.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi: maji ya TB yanaweza kukauka yenyewe ndani ya miezi michache, bila dawa yoyote. Aliyekunywa mizizi, aliyeombewa na aliyekaa tu nyumbani wote watasema wamepona, na kila mmoja ana anayemshukuru. Lakini wanajeshi wa Marekani waliokuwa na maji ya aina hii bila kutibiwa walifuatiliwa, na matokeo yaliyochapishwa 1955 yalionyesha kwamba karibu theluthi mbili yao walipata TB iliyo wazi ndani ya miaka 5. Maji yaliondoka, mwenye nyumba akabaki. Ndiyo sababu simwachi mgonjwa wa aina hii aende zake kwa kuwa "sasa anapumua vizuri".

Dawa ni zile za TB ya kawaida: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili, bure katika vituo vya serikali Tanzania na Kenya. Mwambie mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, la sivyo ataziacha siku ya pili akidhani anakojoa damu. Kuhusu kuongeza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, ili maji yakauke haraka: utafiti uliofanywa Uganda kwa wagonjwa wenye VVU na TB ya utando wa pafu, uliochapishwa 2004, ulikuta kwamba haikuokoa maisha, na waliopewa ndio waliopata saratani ya Kaposi. Mimi siiandiki.

"Yametolewa mara tatu, yanarudi, na ni mekundu"

Homa hakuna, uzito unashuka, maumivu ni mazito yasiyopungua, maji yana rangi ya damu na yanajaa tena ndani ya wiki. Kama ni mama, shika titi na kwapa lake, tafuta mitoki shingoni, uliza sigara. Kwa mwenye VVU fungua mdomo: madoa ya zambarau kwenye kaakaa yanaweza kukupa jibu la Kaposi kabla ya maabara kuamka.

Peleka angalau mililita 50 kutazamwa chembe za saratani. Jibu la "hazikuonekana" mara ya kwanza halijafunga faili, kwa kuwa sampuli moja hukamata kama 6 kati ya 10 tu. Rudia mara moja. Ikishindikana mara ya pili, kurudia ya tatu na ya nne ni kupoteza nauli ya mgonjwa. Anahitaji kunyofolewa kipande.

Saratani ikithibitika, zungumza na familia waziwazi. Maji ya namna hii yanatibiwa ili mtu apumue na alale. Njia ni kuyatoa pale yanapomsumbua, au kuzigandisha zile tando mbili zishikane kwa unga wa talki, na kwingine kwa doksisiklini au povidoni aidini, ili pasiwe na nafasi ya kujaa. Kuzigandisha kunafaa pale tu ambapo pafu limetanuka hadi ukutani baada ya maji kutoka. Likibaki limejikunja, tando hazigusani, na dawa itamwongezea maumivu bure.

Ghafla tu, bila homa

Pumzi imekatika kwa saa chache, kichomi kikali, mguu mmoja umevimba, au ametoka kwenye upasuaji, uzazi au safari ndefu, na maji ni kidogo. Donge la damu kwenye mapafu. Maji hapa ni jambo dogo. Mpe rufaa akiwa na oksijeni, usimlaze akisubiri eksirei ya marudio.

Kuyasoma maji yenyewe

Yainue kwenye mwanga. Ya manjano safi hayakuambii mengi. Yenye ukungu: bakteria au chembe nyingi. Ya kunuka vibaya: bakteria wasiopenda hewa, uliza meno mabovu na kifafa au ulevi. Meupe kama maziwa: mfereji wa limfu umekatika au umezibwa, au ni maji ya zamani sana. Mekundu: pima hematokriti, yaani sehemu iliyo chembe nyekundu, maana matone machache ya damu hutia rangi ndoo nzima, ikizidi nusu ya ile ya damu ya mgonjwa, hiyo ni damu hasa, na mgonjwa anahitaji bomba na daktari wa upasuaji.

Gawa sampuli palepale kitandani: chupa ya kifuniko cha zambarau kwa hesabu ya chembe, chupa tupu kwa protini, glukosi na LDH, kimeng'enya kinachovuja chembe zikiumia, chupa safi isiyo na vijidudu kwa kuotesha na GeneXpert, na ile kubwa kwa chembe za saratani. Wakati huo huo chota damu. Bila damu ya siku ile ile, namba za maji zinakosa mwenzake.

Daktari wa mapafu Richard Light na wenzake walitoa kanuni 1972 ambayo bado tunaitumia. Maji yanahesabiwa kuwa ya utando mgonjwa ikiwa hata moja tu kati ya haya ni kweli: protini ya maji imezidi nusu ya protini ya damu, LDH ya maji imezidi 0.6 ya ile ya damu, au LDH ya maji imezidi theluthi mbili ya kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako. Kama hakuna hata moja, tafuta moyo, ini na figo. Penye protini pekee, gramu 30 kwa lita ni mpaka wa zamani ambao bado unasaidia, ila karibu na mpaka wenyewe unayumba.

Kanuni ya Light inakosea kwa namna moja inayojulikana. Mgonjwa wa moyo aliyemeza furosemaidi siku kadhaa, maji yake yanakolea, na namba zinamshtaki kwa TB asiyokuwa nayo. Toa albumini (protini kuu ya damu) ya maji kwenye albumini ya damu: tofauti ikizidi gramu 1.2 kwa desilita, rudi kwenye moyo.

Sindano inapogoma

Mgonjwa ameketi, ameegemea mto juu ya meza. Ganzi ya kutosha, hadi kwenye utando, kwa kuwa ndio unaouma. Sindano inapita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kamwe si chini yake, maana mishipa ya damu na ya fahamu imejibanza chini ya ubavu. Usishuke chini ya ubavu wa tisa.

Haitoi kitu? Pengine uko chini sana, maji ni mazito mno kwa sindano nyembamba, au yamejigawa vyumba. Usichimbe. Toa, gonga upya, au tafuta altrasaundi. Kuchoma ukiwa umeyaona maji kunapunguza sana hatari ya kutoboa pafu. Zikitoka bubujiko za hewa, umeligusa pafu: simama, piga eksirei.

Akianza kukohoa mfululizo au kusema kifua kinabana, simama hata kama ndoo haijajaa. Pafu lililokunjwa kwa wiki nyingi likifunguliwa haraka linaweza kujaa maji kwa ndani, na hapo utakuwa umemhamisha kutoka ugonjwa wa pili niliouelezea hadi wa kwanza kwa mkono wako. Lita 1.5 kwa mkao mmoja inatosha.

Kabla ya yote hayo, anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, oksijeni ya damu chini ya asilimia 90, midomo ya bluu au aliyechanganyikiwa, apewe oksijeni kwanza, na simu ya rufaa ipigwe wakati unaosha mikono.

Chupa chini ya kitanda

Bomba limewekwa, mrija umezama kama sentimita 2 ndani ya maji ya chupa. Sasa kazi ni ya muuguzi na ndugu.

Maji kwenye mrija hayapandi na kushuka mgonjwa akipumua: mrija umekunjwa, amelalia, au umezibwa na kipande cha usaha. Ufuate kwa mkono kutoka kifuani hadi chupani. Ukiwa wazi na mgonjwa anapumua vizuri, pengine pafu limeshatanuka, eksirei itasema.

Bubujiko zisizokoma: kagua viungio na plasta kwanza, ndipo ulilaumu pafu. Bomba linalobubujika usilibane kwa koleo hata wakati wa kumsafirisha, maana hewa itajilundika na kulibana pafu na moyo.

Kifua kimeanza kujaa uvimbe unaochakarika chini ya ngozi: hewa inavuja kwenye nyama. Kagua kama tundu moja la bomba limetoka nje ya mbavu.

Na ndugu zangu mnaofanya usafi wodini, chupa hiyo haiinuliwi juu ya kitanda kupisha fagio. Niliona mama mmoja mwenye huruma akiiweka juu ya stuli ili asiipige teke. Maji yalianza kurudi kifuani mbele ya macho yetu. Sasa kila ninapoweka bomba natumia dakika mbili kumwambia aliye kando ya kitanda: "Shangazi, hii ikae chini sakafuni, na ikidondoka au kupasuka, chovya mrija kwenye kikombe chochote cha maji safi, kisha uite."

Bomba hutolewa pafu likiwa limetanuka, hewa haitoki, na kilichotoka kwa saa 24 ni chini ya kama mililita 200. Kwa mgonjwa wa TB niongeze hili, kwa kuwa linawatia watu wasiwasi hadi kuacha dawa: katika wiki za mwanzo za matibabu sahihi, maji yanaweza kuongezeka kabla ya kupungua, hasa kwa aliyeanza ARV karibuni. Hakikisha anameza dawa, hakikisha vijidudu vyake havina usugu, yatoe kama yanambana, na uendelee na dawa zile zile.